Mguu Uliozoea

Magari yanayoshuka kutoka Lushoto huingia Mombo yakinuka. Ni harufu ya breki zilizoungua, kali, ya kukwaruza koo, na sisi tuliokulia kwenye gereji ya mjomba tuliinusa kabla hatujaliona gari lenyewe. Barabara ile ina kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi inaporomoka karibu mita 1,000, kutoka kwenye baridi ya mapeasi na plamu hadi kwenye joto la mkonge. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona juu ya kona. Wazee walitufundisha kwamba mlima unaushuka na gia ile ile uliyoupandia. Lakini dereva mwenye shehena ya kabichi na nyanya anayewahi soko la Dar es Salaam hana subira ya gia ya pili. Anaweka ya nne na kuukabidhi mlima wote kwa mguu wake wa kulia.

Kwa hiyo gereji iliyo chini ya mlima haikosi wateja. Walikuja wenyewe, wengine wakisukumwa.

Mjomba alikuwa na tabia iliyowaudhi wenye magari: hakumsikiliza dereva. Salamu aliitikia, benchi alikaribisha, lakini dereva alipoanza kueleza, "Fundi, breki zangu zilikuwa nzima kabisa, ila leo asubuhi ghafla...", mjomba alikuwa ameshafungua mlango, ameketi, ameweka mguu juu ya pedali. Alikanyaga na kuachia injini ikiwa imezimwa. Kisha aliiwasha, akakanyaga tena, safari hii polepole mno, na kuushikilia mguu pale pale huku akitazama mbele kupitia kioo. Aliposhuka alisema neno ambalo halikumpendeza mtu.

"Hii haikuanza leo, bwana. Ina mwezi."

Madereva waliapa kwa Mungu kwamba jana ilikuwa nzima. Wala hawakuwa waongo. Jambo hilo lilinichukua miaka kulielewa: mtu anayeendesha gari moja kila siku ndiye shahidi mbaya kuliko wote wa breki za gari hilo. Pedali ikishuka unywele mmoja leo, mguu nao hushuka unywele mmoja. Kesho vivyo hivyo. Dereva huanza kukanyaga mapema kidogo, kisha kwa nguvu zaidi kidogo, kisha mara mbili badala ya moja, na mwenyewe hana habari. Siku anayosema breki zimekata ghafla ndiyo siku ambayo mguu umeishiwa mahali pa kushukia.

Kazi yangu ya kwanza pale gerejini ilikuwa kukanyaga. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja amelala chini kwenye gurudumu na spana ndogo, mpira mwembamba na chupa, mwingine yuko kwenye kiti. Mjomba alipaza sauti kutoka chini, "Piga! Piga! Piga! Shika!" Nilipiga, nikashika. Alilegeza nati, mafuta yakachuruzika chupani yakiwa na mapovu, na pedali ikazama taratibu chini ya mguu wangu. "Usiachie!" Ole wako ukiachia kabla hajakaza, upepo uliotoka ungenyonywa tena ndani na kazi ingeanza upya. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, tukamalizia na lililo karibu na dereva. Kwa namna hiyo mguu wangu ulijifunza pedali za magari ya watu wengi kabla sijajua kuendesha, na haukupata nafasi ya kuzoea hata moja.

Kabla ya kuanza, mjomba aliweka kipande cha ubao sakafuni chini ya pedali ili nisiifikishe mwisho. Nilidhani ni kwa sababu ya ufupi wangu. Baadaye alinifungulia masta silinda kuukuu iliyotupwa, akanimulikia ndani. Sehemu ya nyuma ya silinda iling'aa. Sehemu ya mbele ilikuwa na kutu na vipele. Pistoni, alinieleza, husafiri pale pale penye kung'aa kwa miaka yote, kwa sababu hakuna anayekanyaga breki hadi sakafuni siku ya kawaida. Huko mbele maji na taka hukaa bila kusumbuliwa. Sasa mtu analeta gari la miaka 15 kutoa upepo tu, fundi anampandisha kijana mwenye nguvu kitini, kijana anakanyaga mpaka chini, na raba laini za pistoni zinapita kwa mara ya kwanza juu ya ile kutu. Zinachanika. Gari liliingia na masta silinda nzima likatoka na mbovu, na fundi atasema, kwa dhati kabisa, kwamba ilikuwa imeshachoka.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Chukua bomba la sindano la hospitali, lijaze maji, ziba mdomo kwa kidole kisha sukuma: nguvu ya gumba lako unaisikia kwenye kidole. Masta silinda ni bomba hilo, limefungwa mbele ya dereva nyuma ya injini, na badala ya kidole pana paipu nyembamba za chuma zinazokwenda kwenye magurudumu manne. Ukikanyaga, fimbo fupi husukuma pistoni, pistoni husukuma mafuta, na kwa kuwa mafuta hayabonyei, msukumo hufika kote kwa wakati mmoja na kubana pedi kwenye disiki au kutanua viatu ndani ya dramu. Blaise Pascal wa Ufaransa aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17. Nilipokutana naye kwenye somo la fizikia sekondari sikuhitaji kukariri. Nilikuwa nimeshampiga pampu sana. Watu wa magari ndio waliochelewa: ilikuwa mwaka 1921 ambapo kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilianza kuuza gari la abiria lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, kwa ubunifu wa Malcolm Loughead, ndugu wa yule wa ndege za Lockheed. Kabla ya hapo ilikuwa fimbo na nyaya, kila gurudumu likivutwa kwa kiasi chake.

Kinachofaa kujulikana zaidi ni kitundu kimoja ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukisikia. Kati ya silinda na kichupa cha mafuta kilicho juu yake kuna matundu mawili. Moja ni la kawaida, la kujazia. La pili ni dogo mno, hata sindano ya kushonea hupita kwa taabu, nalo hukaa mbele kidogo tu ya raba ya pistoni wakati mguu uko mbali na pedali. Ukianza kukanyaga, raba hupita juu yake na kuliziba. Hapo ndipo presha huanza. Ukiachia, pistoni hurudi mpaka mwisho, kitundu hufunguka, na mafuta yaliyotanuka kwa joto hupanda kichupani. Breki hupumua hapo. Kitundu kikizibwa, mafuta yaliyopashwa moto na mteremko hayana pa kwenda. Yanasukuma pedi yenyewe, pedi zinasugua, joto linazidi, mafuta yanatanuka zaidi, na gari linajifunga breki bila mguu wa mtu.

Lilikuja gari la namna hiyo, pikapu, na mwenyewe alikuja kulalamikia injini. Haina nguvu, alisema, inapanda Soni, njiani kwenda Lushoto, kwa kulia. Breki je? Akacheka. "Breki ndio usiseme, mzee. Ukigusa tu, imeshika." Huko alikotoka fundi mwingine alikuwa amemrefushia ile fimbo ya kusukumia pistoni ili pedali ipande juu, na jamaa alifurahi, kwa sababu pedali ya juu humpa mtu imani. Mjomba aligusa rimu moja kwa ncha ya kidole na kukiondoa haraka. Hakugusa injini. Alilegeza kidogo nati mbili zinazoshika masta silinda kwenye busta, chombo kinachousaidia mguu kwa mnyonyo wa injini, ikaachana nayo kwa unene wa kucha, na pikapu, iliyokuwa imesimama kwenye mteremko mdogo wa uani kwetu pasipo handbreki, ikaanza kubingirika yenyewe. Hapakuwa na haja ya maelezo zaidi. Fimbo ilikuwa ndefu, pistoni hairudi nyumbani, kitundu kimezibwa. Lazima pedali iwe na mchezo mdogo mwanzoni, milimita chache za kukanyaga hewa kabla hujaisikia pistoni. Atakayekuondolea mchezo huo kwa kudai amekuboreshea breki, mkimbie.

Kuvuja ndiko watu wanakokujua, lakini kuna kuvuja kusikoonekana. Raba za pistoni zikichoka, mafuta hupita pembeni mwake ndani kwa ndani, kutoka mbele ya pistoni kwenda nyuma. Nje hakuna tone. Kichupa kimejaa. Dereva akisimama kumpisha lori penye mteremko, pedali inazama chini ya mguu wake polepole mno, na yeye anaongeza nguvu kidogo bila kufikiri. Hapo ndipo niliposhika siri ya ule mkanyago wa mjomba wa taratibu. Raba hizi zina midomo, na presha kubwa huibana midomo hiyo ukutani. Ukikanyaga kwa kishindo hata raba mbovu huziba. Ukikanyaga kwa upole, unaivujisha. Dereva anayetaka kumthibitishia fundi kwamba breki zake ni nzima hukanyaga kwa kishindo, na pedali inamuunga mkono. Mjomba alikanyaga kwa upole, akauacha mguu pale na kutazama mbele. Ikizama, jibu limepatikana.

Lakini usichanganye na jambo jingine. Ukipampu injini ikiwa imezimwa mpaka pedali iwe ngumu, kisha uwashe gari huku umeishikilia, itashuka kidogo na kutulia. Hiyo ni busta imeamka, ni heri, si ugonjwa. Nimewaona watu wakiuziwa masta silinda kwa sababu ya dalili hiyo ya afya.

Kuvuja kwa pili kusikoonekana ni kwa raba ya nyuma kabisa. Mafuta yanaingia ndani ya busta, yananyonywa na injini, yanaungua. Mwenye gari anaona kichupa kinapungua, anaongeza. Anachungulia magurudumu, makavu. Anachungulia paipu, kavu. Pengine anaona moshi mweupe kwenye ekzosi na kulaumu kitu kingine. Dawa ya mashaka hayo ni kufungua nati mbili, kuisogeza masta silinda mbele na kupitisha kidole nyuma yake. Kidole kikitoka kimelowa, usiendelee kutafuta.

Si kila kupungua ni ugonjwa, hata hivyo. Pedi zinavyolika, pistoni za kwenye magurudumu hutoka zaidi, na mafuta huzifuata kujaza nafasi. Kichupa hushuka pole pole kwa miezi. Mwenye bidii ya kujazia kila wiki anaficha ishara aliyokuwa akipewa bure. Siku pedi mpya zikifungwa na pistoni kurudishwa ndani, mafuta yale ya ziada yanafurika na kumwagika kwenye rangi ya gari. Nayo hula rangi. Yakimwagika, maji mengi papo hapo.

Sasa mafuta yenyewe, ambayo mlima wa Lushoto ndio ulionifundisha kuyaogopa. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani, kupitia kwenye kifuniko na hata kupitia mipira inayokwenda magurudumuni. Hiyo si kasoro. Bora maji yayeyuke ndani ya mafuta kuliko kujikusanya mahali pamoja na kutoboa paipu kwa kutu. Lakini yana gharama. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Tambarare huwezi kuijua tofauti. Ukiukanyaga mlima njia nzima, mafuta yaliyokaa miaka sita yanachemka huko kwenye magurudumu, yanageuka mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabonyea. Pedali inakwenda chini na kukuta pamba.

Na hapa ndipo gari linapomdanganya kila mtu. Dereva akifanikiwa kulisimamisha, kwa handbreki, kwa gia, au kwa kulikwangua kwenye ukingo wa mlima kama wengi walivyofanya, anakaa kando ya barabara nusu saa akitetemeka. Mvuke unapoa, unarudi kuwa mafuta. Anajaribu pedali: ngumu, nzima. Wapo waliofika kwetu wakiwa wameshaamini kwamba ni mkono wa mtu. Wengine walikuja na masta silinda mpya ndani ya boksi, wameagiza kutoka maduka ya Gerezani kwa basi la usiku, wanataka ifungwe tu. Mjomba alifungua kifuniko, akachovya kitambaa cheupe, akawaonyesha mafuta yaliyogeuka kahawia ya kuelekea weusi. Masta silinda haikuwa na neno. Aliondoa mafuta yote, akasukuma mapya mpaka yakatoka safi kwenye magurudumu manne, akawarudishia boksi lao. Baadhi yao waliondoka na kinyongo. Ukimwambia mtu kwamba aliyekaribia kumuua ni chupa ya bei ndogo, anaona umemdharau.

Kuna kushindwa kwingine kwa mlimani, na mguu unaweza kuzitofautisha hali hizo mbili kabla ya fundi. Ikiwa pedali iko juu na ngumu lakini gari halisimami, mafuta hayana kosa; pedi na viatu vimepata joto hadi vimepoteza mkwaruzo. Ikiwa pedali yenyewe imetoweka, ni mvuke, au upepo, au mafuta yamekwenda. Hukumu hii ni ya nusu sekunde, na katika kushuka kutoka Soni ni ya thamani, kwa sababu pedali iliyotoweka inaweza kurudi kidogo ukiipampu harakaharaka, ile ngumu hairudishwi na pampu yoyote.

Mafuta yasiyo ya breki yana balaa lake. Aliwahi kuja mama mmoja mwenye duka, gari lake limejazwa na kijana wake mafuta mekundu ya usukani kwa kuwa kopo lilifanana. Mjomba alifungua kifuniko cha kichupa, na raba ya ndani ya kifuniko ilikuwa imevimba hata haikutaka kurudi mahali pake. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Ilivyovimba ile ndivyo zilivyokuwa zikivimba zote, kuanzia masta silinda mpaka magurudumuni, kwa sababu raba za breki hazivumilii mafuta ya madini, iwe ya injini, ya gia au ya usukani. Petroli na dizeli vilevile. Fundi anayeosha masta silinda kwa petroli ameiua kabla ya kuifunga. Yule mama aliambiwa ukweli mgumu: raba zote zibadilishwe, paipu zioshwe, hakuna njia ya mkato. Nimeona pia vijijini maji ya sabuni yakitiwa pale mafuta yalipokosekana. Gari litasimama, kweli, leo na pengine kesho. Maji huchemka kwa nyuzi 100 na kutu huanza usiku huo huo.

Land Rover ya mjomba mwenyewe, ile ya zamani yenye miguu mirefu, ilikuwa na masta silinda ya chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, mahali popote, huna breki, umebaki na handbreki na dua. Magari yaliyofuata yakawekewa vyumba viwili ndani ya silinda moja, pistoni moja nyuma ya nyingine, kila moja na mafuta yake; Marekani ililazimisha hivyo kwa magari mapya ya abiria kuanzia Januari 1968. Kwenye pikapu nyingi chumba kimoja hulisha mbele na kingine nyuma. Kwenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hugawanywa mshazari, mbele kulia na nyuma kushoto pamoja. Ni baraka, ila baraka hiyo ilizaa mtego: chumba kimoja kikifa gari bado linasimama, vibaya, na pedali imeshuka, na mguu, kama kawaida yake, unazoea. Mtu anaendesha na nusu ya breki kwa miezi. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, naye anaibonyeza handbreki chini akidhani haikushuka vizuri, kwa kuwa kwenye magari mengi taa hiyo hiyo ndiyo ya handbreki na ndiyo ya kupungua kwa mafuta. Wengine humwomba fundi wa umeme aitoe balbu.

Nilipohamia Dar es Salaam nilikutana na tatizo ambalo Mombo halikuwa kubwa: wingi wa spea. Kaunta moja itakupa masta silinda ya aina tatu kwa gari moja, mpya ya bei juu, mpya ya bei chini, na ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani. Ya mtumba simshauri mtu. Mwili wake ni mzuri, lakini raba zilizokaa kavu rafuni kwa miaka zimekakamaa, na ukitaka kuifumua uweke raba mpya, silinda nyingi za siku hizi ni za aluminiamu yenye ngozi ngumu. Ukiisugua kwa msasa kuondoa mikwaruzo umeondoa ngozi yenyewe. Zile za chuma za zamani zilivumilia. Jambo la pili ni kipenyo. Mara nyingi kimeandikwa ubavuni kwa inchi: 13/16, 7/8, 15/16, 1. Wauzaji hukwambia zote zinaingia, na ni kweli zinaingia, matundu ya nati yanalingana. Lakini ukitoa ya 7/8 ukafunga ya inchi 1, kwa mguu ule ule presha inapungua karibu robo. Pedali itakuwa ya juu, ngumu, imara, na gari litachelewa kusimama. Mwenye gari atamsifu fundi.

Jirani yangu Tabata alikuwa na gari dogo ambalo mkewe alikataa kuliendesha. Aliliendesha mara moja kwenda kliniki, aliporudi akaweka funguo mezani na kusema halina breki. Mume akaona woga wa wanawake. Yeye mwenyewe hulipeleka kazini kila siku na halijamfanyia kitu. Alinisimulia kwa kicheko. Nilimwomba nilikalie kidogo, na pedali ikashuka karibu sakafuni, nikapiga mara ya pili ikapanda juu, ngumu. Nikamuuliza huwa anakanyaga mara ngapi akitaka kusimama. Mara moja, alisema. Tukazunguka mtaa, yeye kwenye usukani, mimi nikitazama mguu wake. Kila kona, mbili. Shemeji hakuwa na woga. Alikuwa na mguu mgeni.

Fundi wake wa mtaani, kijana mchapakazi, alikuwa ameshatoa hukumu ya masta silinda na kutaja bei. Sikubishana naye. Nilikuwa na nati mbili za paipu ya breki nilizorithi kwa mjomba, kila moja ina kipande kifupi cha paipu kilichokunjwa na kuchomelewa kwa shaba kikaziba kabisa. Tulifungua paipu mbili zinazotoka kwenye masta silinda, tukazifunga nati zile mahali pake, tukatoa upepo kidogo pale kwenye maungio, nikamwambia kijana akae kitini akanyage, kwanza kwa nguvu, kisha kwa upole, na auache mguu pale. Pedali ikasimama juu, haikusogea. Maana yake masta silinda inashika. Hasara iko mbele ya zile nati, kwenye magurudumu.

Tuliporudisha paipu na kutoa upepo tulivua matairi ya nyuma. Vifaa vya kujirekebisha ndani ya dramu vilikuwa vimeganda kwa vumbi na kutu, viatu vimelika na kukaa mbali na dramu, hivyo mkanyago wa kwanza wote uliishia kuvisogeza tu na wa pili ndio uliobana. Kijana alivisafisha, akavipaka grisi kidogo ya joto, akavizungusha meno kwa meno mpaka dramu ikawa inagusa kwa mbali. Pedali ikapanda. Gharama ikawa ya kazi na chupa ya DOT 4, nami nikamsisitizia jirani ainunue ikiwa na muhuri wake, isiwe ile iliyofunguliwa na kukaa rafuni mwa duka tangu mwaka juzi. Shemeji aliliendesha jioni ile mpaka Segerea na kurudi. Kijana wa gereji aliniomba nimwachie zile nati mbili. Nikampa moja ya kunakili, na Jumamosi iliyofuata akanirudishia pamoja na nyingine tano alizochomelea mwenyewe, za saizi mbalimbali, akiniuliza kama uzi wa magari ya Kijerumani ni tofauti.